Kwanza Niambie Ulikuwa Unafanya Nini

Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya mafundi, majirani na vijana wanaojifunza ufundi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Mwenyekiti, ahsante. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, vijana, habari za jioni.

Nimetangazwa hapa kuwa "fundi wa mashine ya dhahabu." Naomba hilo tulimalize mapema, maana litaniletea wageni usiku. Mashine yenyewe, detekta ya kutafutia vyuma vilivyofukiwa, ni hii mezani: fimbo, chini ina sahani, juu ina kisanduku, na hizi za kuvaa masikioni. Nikipita nayo Majengo kuelekea stendi, sifiki bila kusimamishwa na watu watatu wakiuliza kama nimeshazipata rupia za Mjerumani. Mzee mmoja alinifuata mpaka nyumbani na ramani aliyoichora mwenyewe, ina mto, ina mkuyu, ina msalaba, akataka tugawane nusu kwa nusu. Nilimpa chai. Rupia sina. Nilichopata kwa miaka tisa ya kuzunguka na kitu hiki ni pete za watu, hereni, funguo za pikipiki, jembe moja zima, na vizibo vya bia vya kujaza ndoo.

Mimi ni fundi redio. Hii detekta iliachwa kibandani kwangu na mteja aliyesema anakwenda kutafuta hela ya matengenezo. Mpaka leo anatafuta. (Kicheko.)

Inavyofanya kazi si uchawi. Ndani ya sahani kuna waya wa shaba uliozungushwa, koili. Koili moja inapitishiwa umeme unaogeuka huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde, na nguvu yake ya sumaku inaingia ardhini. Ikikuta kitu kinachopitisha umeme, ndani ya kitu hicho vinazuka vimkondo vidogo, navyo vinatoa nguvu yao ya sumaku inayorudi juu. Koili ya pili inaisikia, mimi nasikia mlio. Ndiyo maana dhahabu, ambayo sumaku ya kawaida haiinasi, hapa inasikika vizuri. Na ndiyo maana tanzanaiti haisikiki kabisa. Hilo nawaambia hasa ndugu zangu mliotoka Arusha na Mererani: jiwe ni jiwe. Mashine inasikia dhahabu au fedha iliyolishika. Jiwe likichomoka likaanguka peke yake, piga magoti utafute kwa macho.

Dada wa mbele hapo, nikopeshe pete yako. Usiogope, mumeo nimemwona yuko nyuma. Naifukia kwenye beseni hili la udongo pamoja na msumari, kizibo cha soda, na kile kipete cha kufungulia kopo. Wengine tazameni dirishani nikifukia. Haya, sikilizeni. Huu unaokoroma na kukatika ni msumari. Na huu? Semeni wenyewe. Wengi mmesema pete. Ngoja nitoe... ni kipete cha kopo. (Kicheko.) Mlio wa pete ya dhahabu na mlio wa kipete cha kopo ni ndugu wa tumbo moja, hata namba kwenye kioo zinakaribiana. Anayekwambia mashine yake inachagua dhahabu na kuacha takataka, huyo anakuuzia mashine. Unayetafuta pete unachimba kila mlio, mgongo uume. Pete ya dada tuiache humo kwanza.

Udongo wenyewe nimeuchota Kibosho. Udongo wetu huu wa volkano una chembe nyingi za madini ya chuma, na mashine isipotulizwa inapiga kelele kabla hujafukia chochote. Kuituliza unainua na kushusha sahani hapohapo huku ukiirekebisha, mpaka inyamaze juu ya udongo mtupu. Kisha unapita chini kabisa, sahani ikilamba majani, taratibu, kila pito likifunika nusu ya pito lililotangulia. Pete ikizama zaidi ya sentimita 20 hivi, mashine kama hii inaanza kuwa kiziwi. Hayo ndiyo yote kuhusu mashine. Kijana anajifunza kwa wiki mbili.

Kinachochukua miaka ni kuuliza.

Mwaka 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi. Alexander Graham Bell, huyu wa simu, akaunda chombo cha kuitafuta risasi ndani ya mwili. Alikijaribu kwingine kikafanya kazi, kwa rais kikashindwa. Wengi husema ni kwa sababu ya springi za chuma kwenye godoro. Mimi huwa nasimama kwenye sababu ya pili: daktari mkuu alikuwa na hakika risasi iko upande wa kulia, akamruhusu Bell kupekua upande huo tu. Risasi ilikuwa kushoto. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo.

Sasa, kila mtu aliyepoteza pete ana yule daktari kichwani mwake. Anajua ilipo! Ananipeleka moja kwa moja, ananionyesha kwa kidole. Angekuwa anajua kweli asingeniita. Kwa hiyo siku hizi siulizi pete imepotelea wapi. Nauliza: mara ya mwisho unayokumbuka kuiona, ulikuwa unafanya nini? Na baada ya hapo mkono ulishika nini, kisha nini?

Kuna mama mmoja wa Kibosho. Ilikuwa Julai, ile baridi yenu ya kule juu. Alisema pete imeanguka mferejini alipokuwa anafua, na watoto walishachekecha mchanga wa mfereji siku mbili. Nikamwacha na mfereji wake. Nikamuuliza, asubuhi ile kabla ya kufua? "Nimewakatia ng'ombe." Amekata nini? Majani, na mgomba mmoja. Mikono ikoje? Akaitazama. Imelowa umande na utomvu. Vidole vinanywea kwa baridi. Pete inayobana mchana, asubuhi inacheza. Na mtu akirusha fungu la majani horini, mkono unafunguka wazi mwishoni. Nikamwomba anionyeshe anavyorusha, akarusha, tukatazamana.

Horini hapakuwa na kitu. Nikauliza mbolea inakwenda wapi. Mama akanyamaza, akageuka kutazama kahawa. Ilishatolewa Jumamosi, debe kwa debe, ikamwagwa kwenye mashina. Tukaanza shina kwa shina. Mlio wa kwanza, kipande cha waya. Wa pili, betri ya tochi. Wa tatu ulikuwa mfupi, umeshiba, na ukija kulia au kushoto unasema kilekile. Nikaweka sahani pembeni nikaingiza mkono. Mbolea nyeusi, ndani ina nyuzi za mgomba ambazo hazijaoza. Nikashika donge, nikalivunja kama unavyovunja ugali uliolala, pakatokea ukingo wa njano. Dhahabu haishiki kutu, ilikuwa imepakaa uchafu tu. Yule mama hakupiga kigelegele. Aliichukua akaenda mferejini, akaiosha, akaivaa, akaigeuza kidoleni mara mbili, akaivua, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Mpaka baridi iishe," akasema. Kisha akaniuliza kama nitakula mtori.

Wanaume nao wana yao. Bwana mmoja, sitasema wa wapi kwa sababu Moshi ni ndogo, aliniita na mkewe akiwa amesimama pembeni. Pete imepotea shambani wakati wa kupalilia mahindi. Nikamuuliza swali langu: bwana, mkono ulikuwa unafanya nini? Akatazama chini. Nikajua, lakini mimi si hakimu. Nikapekua mahindi siku mbili kwa nauli yake, sikupata. Siku ya tatu akanipigia kwa sauti ndogo: "Fundi, hebu jaribu na pale kwenye bustani ya baa fulani, chini ya meza ya pembeni." (Kicheko kirefu.) Nilipata kwa dakika tano. Alivyoeleza nyumbani sikuuliza, na nyie msiniulize.

Msije mkadhani napata kila mara. Dada mmoja kutoka Arusha alipoteza mkufu kule Chemka, kwenye chemchemi, chini ya ile mikuyu. Maji safi, unaona mpaka chini, ukiangalia unasema hii kazi ya nusu saa. Mkufu mwembamba ni mgumu kuliko pete. Pete ni duara moja kamili, vimkondo vinazunguka humo kwa raha. Mkufu ni viduara vidogo mia vinavyogusana kwa shida, kila kimoja kinanong'ona peke yake. Halafu dhahabu ni nzito. Ikiwa safi ni mara 19 ya uzito wa maji, mchanga haufiki mara 3. Wageni wakirukaruka majini mchanga unapanda na kuelea, dhahabu inatangulia chini, mchanga unatua juu yake. Nilikaa majini kwa muda wa saa nne, sahani ndani na kisanduku juu ya kichwa. Nikapata sarafu za wageni, kibanio cha nywele na hereni moja ya bati. Dada akaniuliza kama mkufu bado upo mle. Nikamwambia upo, ila mimi siwezi kuufikia. Akanipa nauli akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu.

Nije kwenye kurudisha. Aliyekuita unamjua, kazi rahisi. Shida ni kile unachokiokota bila kutumwa. Nilikuwa natafuta funguo za kijana mmoja kwenye kiwanja cha mpira, nikatoa pete ya kike. Na niwakumbushe sheria, kwa sababu vijana mnapenda kusema "nimeokota." Kanuni ya Adhabu inasema: ukiokota mali ya mtu ukaifanya yako huku unamjua mwenyewe, au ulikuwa na njia ya kawaida ya kumpata, huo ni wizi. Neno "nimeokota" halikutoi mahakamani.

Nikapeleka tangazo kanisani na msikitini: imepatikana pete. Basi. Sikusema ya kike, sikusema rangi, sikusema kiwanja. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanapiga picha ya pete mbele na nyuma wanaisambaza kwenye simu, halafu wanashangaa wenye pete wamekuwa kumi. Kwangu walikuja wanne. Mmoja akasema ni ya kiume. Mmoja akasema dhahabu tupu, karati 24, nami nilishasoma ndani yake 375, yaani karati 9, dhahabu kidogo zaidi ya theluthi. Wa tatu alikuwa mkweli: alielezea pete yake vizuri, na haikuwa hii. Wa nne alikuwa mama anayeuza karanga pale kiwanjani siku za mechi. Hakuniambia rangi wala karati. Aliniambia, "Kwa nyuma ina kovu. Iliongezwa nilipojifungua mtoto wa pili, vidole vilivimba." Nikaitoa kwenye kitambaa nikaigeuza. Kwa nyuma kulikuwa na kipande kilichoungwa, rangi imepauka kidogo kuliko pete yenyewe, kwa jicho la kawaida huoni mpaka uambiwe. Tulikwenda naye kwa sonara, na sonara akaitambua kazi yake kabla hajaambiwa ni ya nani.

Halafu kuna kinachotoka ardhini ambacho mwenyewe hayupo duniani. Novemba 1992, kijiji cha Hoxne, Uingereza, mkulima alipoteza nyundo shambani akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, amtafutie kwa detekta. Lawes akakuta dhahabu na fedha za zama za Warumi, sarafu zaidi ya 14,000, vijiko, bangili. Alipoona ni nyingi akaacha kuchimba, akatoa taarifa, wataalamu wakaja wakafukua vilivyobaki vikiwa vimelala vilivyowekwa. Nyundo nayo ilipatikana, leo iko makumbusho pamoja na hazina. Hapa kwetu tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimbua vya kale bila kibali ni kosa. Kutafuta madini nako kunataka leseni. Kwa hiyo yule mzee wa ramani, hata kama mkuyu upo, mimi simo.

Malipo? Nauli, iwe nimepata au sijapata. Nikipata, chochote mwenye mali atakachotoa. Nimepewa mkungu wa ndizi, nimepewa jogoo, nimepewa "Mungu akubariki" na mlango ukafungwa. Asilimia sichukui, kwa sababu siku utakayoanza kuchukua asilimia utaanza kupima pete ya mtu kwa macho kabla hujampa.

Ukipoteza leo, usimwite kila jirani aje kukanyaga. Chomeka kijiti uliposimama, mengine tutaongea. Usilime, usifagie, na taka za jikoni zisitoke nje mpaka uzipekue.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitajibu maswali nje, na mama pale nyuma uliyenyoosha mkono tangu mwanzo nimekuona, nitaanza na wewe. Dada, njoo na wewe uchukue pete yako humu kwenye beseni kabla sijaondoka nayo. Chimba upande wa dirishani. Hapana, huo ni msumari.