Mguu uliofunga mlima wa Kop

Habari za jioni. Mliokaa nyuma sogeeni mbele, spika ya upande huo inakoroma.

Wangapi hapa mmewahi kupanda Nyang'oro, njia ya Iringa, na lori lililoshiba mzigo? Naam. Basi mnajua. Dereva anashusha gia mpaka ya kwanza, injini inalia, na utingo amesharuka chini na gogo lake, anatembea sambamba na tairi la nyuma. Gari likigoma tu, gogo linaingia. Mimi nimelibeba gogo hilo miaka miwili, kabla sijajua kwamba kuna watu waliugeuza mlima kuwa mchezo.

Mlima wao uko Uingereza, karibu na mji wa Princes Risborough. Unaitwa Kop. Hapa kwetu tungeuita kilima tu, maana njia ya mashindano haikufika hata kilomita moja. Lakini penye ukali, kila mita 4 za kwenda mbele unapanda mita 1. Mafundi mliomo humu mnanielewa: uzito wote unakimbilia nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani haukutii. Na magari mengi ya siku zile hayakuwa hata na breki za mbele.

Walianza mwaka 1910. Gari linapanda peke yake, linashindana na saa.

Sasa utamu uko hapa. Barabara ile ilikuwa ya umma, na sheria ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, kama kilomita 32. Hebu shindaneni kwa mwendo huo! Kila aliyekuwepo alijua sheria inavunjwa, hata aliyeshika saa. Klabu kuu ya magari ya nchi, RAC, ilitoa vibali, na wakubwa wakaangalia pembeni.

Tarehe 28 Machi 1925 ikapanda Bugatti moja. Ilikuwa ya Raymond Mays, yule aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa BRM, timu ya Uingereza ya magari ya mbio, naye alikuwa ameshamuuzia kijana mwingine. Gari likamshinda kijana, likapanda ukingo walikosimama watu. Mtazamaji mmoja akavunjika mguu. Mguu tu, jamani. RAC ikasimamisha mashindano palepale, na vibali vya kushindania mwendo kwenye barabara za umma vikakoma.

Husemwa kwamba mguu ule ndio ulioua mchezo. Mimi sikubali. Sheria ilikuwepo zaidi ya miaka 20. Mguu uliwanyima watu kisingizio cha kutoiona. Tazameni Shelsley Walsh, mlima mwingine hukohuko. Walianza 1905, kabla ya Kop, na mpaka leo wanapanda. Wana nini? Njia yao iko kwenye ardhi ya mtu binafsi, basi. Barabara za umma za England zilisubiri mpaka 2017 ndipo sheria ikalegezwa na mashindano yakaweza kuombewa kibali.

Kop nayo imerudiwa, tangu 2009, mwezi wa Septemba. Magari na pikipiki za zamani zinapanda kwa maonyesho na kuchangia misaada. Hakuna anayepimwa muda.

Haya, maswali. Kijana wa shati la bluu, umenyoosha mkono tangu nilipotaja gogo.