Maji ya Mbeya Hayachemki kwa Nyuzi 100

MTANGAZAJI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini. Mwenzangu katika kipindi hiki ni mwalimu wa kemia hapa Mbeya, na leo nimemwomba atueleze namna anavyomzoeza mwanafunzi kufikiri kisayansi. Mwalimu, tuanze na ile sufuria uliyonisimulia juzi.

MWALIMU: Asante, dada yangu. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili majiko ya mkaa, sufuria za maji na vipimajoto, nikawataka waandike maji huchemka kwa nyuzi joto ngapi. Nilisimama nyuma ya binti mmoja. Kipimajoto chake kilipanda hadi 94 kikagoma hapo hapo, ingawa maji yalikuwa yakitokota na mvuke ukimpiga usoni. Akaandika 94. Kisha akachungulia daftari la jirani, akafuta, akaandika 100, kwa sababu 100 ndiyo iliyomo kitabuni.

MTANGAZAJI: Ulimkemea?

MWALIMU: Hapana. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe nilimkata mwanafunzi alama kwa kuandika 94, na jambo hilo linaniuma hadi leo, maana mtoto yule alikuwa amesoma sawasawa. Safari hii nilimwomba binti airudishe namba aliyoifuta, nikaliuliza darasa zima: tutajuaje kama kosa ni la kipimajoto? Walibishana kwa Kiswahili, ingawa kemia ya sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza. Mimi huliacha swali lizaliwe kwanza katika lugha ambayo mtoto huitumia kugombana nyumbani. Mmoja akashauri tukitumbukize katika barafu inayoyeyuka. Kikasoma 0. Mwingine akasema hilo halitoshi, tukajaribu vipimajoto viwili zaidi, navyo vikagoma kwenye 94.

MTANGAZAJI: Ndipo ukawaeleza sababu.

MWALIMU: Nilijizuia, na kujizuia ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Kijana mmoja wa Kyela akasema kwao maharage huiva upesi kuliko hapa, na kutoka kwenye maharage hayo tukafika kwenye hewa. Maji huchemka pale kanieneo, yaani nguvu ya msukumo kwenye eneo, ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake. Mbeya iko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa yake inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajafika 100, na chakula kinachoiva katika maji hayo hukawia. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko kama mita 500 tu. Kila mwanafunzi aliandika makisio yake kabla kijana hajaondoka na kipimajoto kwenda likizo. Alirudi na 98.

MTANGAZAJI: Mzazi anayetusikiliza atauliza habari za mtihani wa Taifa.

MWALIMU: Ana haki ya kuuliza. Wanafunzi wangu wanaijua 100, ila wanaongeza maneno “katika usawa wa bahari”. Ninachokiogopa zaidi ni kupika matokeo. Mwanafunzi anayechungulia bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, ya mwenzake ili namba zifanane anaweza kupata alama, lakini siku akiwa mtaalamu wa maabara ya hospitali, akiandika kile anachodhani kinatarajiwa, mgonjwa ndiye atakayeumia. Kwa sababu hiyo, katika daftari la maabara ninatoa alama kwa namba iliyosomwa kweli, na nyingi zaidi kwa maelezo ya kwa nini imetofautiana na ya kitabu.

MTANGAZAJI: Na yule binti aliyefuta?

MWALIMU: Kwao ni Makete, upande wa Kitulo, ambako uwanda unazidi mita 2,600. Likizo ijayo ni zamu yake kubeba kipimajoto. Ameandika makisio ya 91 kwa kalamu ya wino, na ameniomba nisimwambie lolote mpaka arudi.