Nyumba ni mkataba mmoja, huduma ni mwingine: makazi yenye usaidizi Uingereza

Wazazi wangu, ndugu zangu walezi, karibuni. Tunamzungumzia mtu mzima mwenye ulemavu wa akili ambaye wakati wake wa kutoka kwa wazazi umefika. Sheria nitakayoitaja ni Care Act ya 2014, nayo ni ya England. Walioko Scotland na Wales wana sheria zao.

Shikeni hili kwanza. Katika makazi yenye usaidizi kuna mikataba miwili. Mmoja ni wa upangaji: mwenzetu anapanga chumba au fleti, ana ufunguo wake na haki za mpangaji. Wa pili ni wa huduma: halmashauri inawalipia wasaidizi wanaomfuata pale anapoishi. Kituo cha kulelea watu kilichosajiliwa hakiko hivyo. Huko kitanda na huduma ni kitu kimoja, ukikosana na wahudumu umepoteza na pa kulala. Huku kampuni ya huduma inaweza kubadilishwa na mpangaji akabaki chumbani mwake. Mwenye nyumba akikuambia kodi na wasaidizi haviachani, usisaini siku hiyo. Na mjue kwamba wakaguzi wa CQC, shirika linalosimamia huduma za malezi England, wanakagua huduma ya mwili inayotolewa, kama kuogeshwa na kuvishwa. Jengo lenyewe si lao.

Mlango wa kuingilia ni tathmini ya mahitaji yake, kifungu cha 9. Barua ya daktari si sharti. Piga simu halmashauri, kisha waandikie barua pepe ili tarehe ibaki kwenye maandishi. Kijana msimsubirishe hadi atimize miaka 18, kwa kuwa kifungu cha 58 kinaruhusu apimwe mapema.

Ofisa wa ustawi anaangalia mambo kumi: kula, kujisafisha, kuvaa, kwenda haja, kuwa salama nyumbani na mengineyo. Mwenzetu akishindwa mawili au zaidi kwa sababu ya ulemavu wake, na maisha yake yakaathirika sana, anastahili huduma. Hapa ndipo familia zetu zinapojiponza kwa kuona haya. Ofisa anauliza, "Anaweza kujitengenezea chai?" Mama anajibu upesi, "Anaweza, mwanangu si mvivu." Haya, itazameni chai yenyewe. Mama ndiye aliyejaza birika. Mama ndiye aliyesema "sasa washa". Mama amesimama hatua moja nyuma asije akajimwagia maji ya moto, na kikombe kimechukua nusu saa. Kwa kanuni za 2015 huyo hawezi: kukumbushwa ni msaada, kusimamiwa ni msaada, kuhatarisha usalama kunahesabiwa, na kuchelewa kupita kiasi pia kunahesabiwa. Tena ofisa anatakiwa kupima kana kwamba mama hayupo. Kwa hiyo semeni siku mbaya inavyokuwa, na ombeni mkalimani. Mdogo wake asifanywe mkalimani.

Tathmini ikikubaliwa, unaandikwa mpango wa huduma wenye bajeti. Usomeni kwa saa, msitosheke na jumla ya fedha. Kuna saa za pamoja na saa za mtu mmoja. Chukueni nyumba ya wapangaji wanne yenye msaidizi wa usiku, saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Hizo ni saa 9 kila usiku, 63 kwa wiki. Kila mpangaji anaandikiwa saa 15 na dakika 45. Kwenye karatasi zinaonekana nyingi, kumbe muda huo wote mwenzetu amelala. Saa zinazompeleka sokoni, msikitini au kanisani ni zile zake peke yake, basi idadi yake iandikwe mbali. Ulizeni pia kama msaidizi wa usiku analala au anakesha. Mwenye kifafa kinachomshika usingizini anaweza kuhitaji anayekesha.

Mpangaji mmoja akihama, zile saa 63 zinawaangukia watatu, 21 kila mmoja, na chumba kitupu hakiingizi kodi. Ndipo presha ya kujaza chumba inapoanza, na analetwa yeyote aliye kwenye orodha. Makazi mengi huharibika kwa namna hii: mmoja hawezi kuvumilia kelele, mgeni anapiga kelele usiku kucha. Kabla ya kusaini, ulizeni nani analipia chumba kikiwa kitupu, na wapangaji waliopo wanashirikishwa vipi kumpokea mgeni.

Kodi ya makazi ya aina hii kwa kawaida huombewa Housing Benefit, yaani msaada wa kodi unaotolewa na halmashauri, hata kama mtu anapata Universal Credit, posho ya serikali, kwa matumizi mengine. Wanaokosea fomu hujikuta na deni la kodi la miezi. Usafi wa ngazi na sehemu za pamoja unaweza kuingizwa kwenye ombi hilo. Chakula na umeme wa chumbani analipa mwenyewe. Akiba yake ikizidi pauni 16,000, Housing Benefit kwa kawaida hukatika. Ikizidi 23,250, halmashauri inaweza kumtoza gharama yote ya huduma. Akiba ya wazazi haihesabiwi, basi msiweke fedha zenu kwenye akaunti yake.

Nani anasaini upangaji? Akiuelewa, ni yeye. Asipoweza, mzazi aliyeteuliwa kumpokelea posho hana mamlaka hayo. Mamlaka hutoka Court of Protection, mahakama ya wasioweza kujiamulia, na inawezekana kuomba kwa ajili ya mkataba huo peke yake. Mama akisaini kwa jina lake, mpangaji ni mama, na ombi la kodi linakwama.

Wenye viza inayokataza fedha za umma wasikate tamaa. Housing Benefit imo katika orodha ya makatazo, huduma za Care Act hazimo. Tathmini ombeni, ila kabla ya kuomba kodi muoneni wakili wa uhamiaji.

Na halmashauri ikimpeleka eneo lingine kwenye makazi haya, kwa kifungu cha 39 iliyompeleka kwa kawaida ndiyo inayoendelea kulipia huduma, lakini kodi inaombwa halmashauri ya pale anapolala. Hata ndani ya kaunti moja, mara nyingi huduma hulipwa na kaunti na Housing Benefit na wilaya: ofisi mbili, fomu mbili, na taarifa za kuhama zipelekwe kote kuwili.