Sikio la Mwalimu wa Chekechea
(Mhadhara kwa walimu wanafunzi wa shule za awali, Malindi)

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kuona mmejaa mpaka barazani. Nitasema yaliyonileta, halafu tutafanya kazi pamoja kabla ya maswali.

Naanza na neno moja: ndoo.

Mimi kwetu ni Taita. Nilifika mji huu nikiwa mwalimu mchanga, na darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 43. Siku moja wakati wa mapumziko, mtoto wa kike wa miaka 4 ambaye jamaa zake walikuwa wamehamia kutoka Lamu alinijia mbio, akanishika leso, akawa ananivuta. "Mwalimu, ndoo! Ndoo!" Nikamwonyesha ndoo, ilikuwa nyuma ya mlango. Akazidi kuvuta. "Ndoo!" Nikamwambia, si nimeshakuonyesha, nenda kaichukue. Akaanza kulia, nami nikamketisha chini peke yake kwa utundu. Ni mtoto mwingine, mkubwa kidogo, aliyekuja kuniambia kwamba mwenzao ameanguka kutoka ukutani na mkono umepinda.

Wenyeji mmeshaelewa. Kwa Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu, "ndoo" ni "njoo". Pale Kiswahili cha vitabuni kinaposema njia, njaa, njoo, wao husema ndia, ndaa, ndoo. Yule mtoto alikuwa ananiita nikamwokoe mwenzake. Aliniita kwa Kiswahili cha bibi yake, Kiswahili chenye mashairi ya karne na karne, na mimi niliyekuwa na cheti cha kufundisha lugha nikamwadhibu. Mkono wa yule aliyeanguka uliungwa ukapona. Lakini yule binti hakunisemesha tena mpaka muhula ukaisha. Miaka mingi imepita na sijamsahau.

Chuoni mtafunzwa mengi, na mengi ni ya kweli. Mtafunzwa kuandaa maazimio ya kazi na andalio la somo. Mtafunzwa hatua za ukuaji, afya na lishe, na namna ya kupanga kona za darasa: kona ya duka, kona ya nyumba, kona ya vitabu. Mtafunzwa maeneo ya shughuli katika mtaala wa miaka miwili ya shule ya awali, PP1 na PP2, yaani lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na mazoezi ya viungo, na dini. Mtasikia majina ya watu wa zamani. Mojawapo ni Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Rome, mtaa wa vibarua na mafukara. Watu hukumbuka vifaa vyake vya mbao. Mimi nataka mkumbuke alivyovipata: aliwatazama watoto kwanza, kwa muda mrefu, akaona wanachokigusa na wanachokirudia, ndipo akajua cha kuwapa.

Msimamizi akija kukukagua wakati wa mazoezi ya kufundisha, atatazama ubao wako, sauti yako, chati zako ukutani. Ni mara chache mno utakadiriwa kwa muda uliotumia kunyamaza ukisikiliza. Hapo ndipo ninapoona pengo, na katika mji kama huu pengo hilo huwaumiza watoto.

Hebu tazameni darasa lenu litakavyokuwa. Chukua shule moja tu, watoto wanaotoka Shela, Maweni, Barani, Kisumu Ndogo, Muyeye. Huyu mama yake ni Mgiriama anayeuza samaki wa kukaanga. Huyu ni Mbajuni, baba yumo baharini. Huyu ni Msomali, kwao wana duka. Huyu wazazi wake walitoka Kisumu au Murang'a kufuata kazi ya hoteli. Huyu baba yake ni Mwitaliano, na wewe unajua Kiitaliano kimeota mizizi Malindi kiasi kwamba vijana wa ufuoni wanakizungumza bila kwenda shule. Mtoto mmoja akiwa na kiu atasema madzi, mwingine biyo, mwingine pi, mwingine acqua. Wote wanne wana akili ya kuomba maji, na wote wanne watabaki na kiu ikiwa unasikia neno moja tu.

Sera ya lugha nchini Kenya inasema mtoto wa shule ya awali na wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mazingira ya shule. UNESCO lilisema jambo la kufanana na hilo tangu mwaka 1953, kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoijua. Mashambani jambo ni jepesi kiasi: Ganze kwa Kigiriama, basi. Mjini lugha ya mazingira huwa Kiswahili, na watu hudhani mjadala umekwisha.

Haujakwisha, kwa sababu ni Kiswahili kipi? Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa makoloni ya Waingereza walikutana hapo Mombasa, wakachagua Kiunguja, Kiswahili cha Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifu. Ulikuwa uamuzi wa vitabu na mitihani. Haukumaanisha kwamba anayesema "kitwa" badala ya "kichwa", au "mato" badala ya "macho", amekosea. Nimewaona walimu, tena wema, wakiimba wimbo wa viungo vya mwili, mtoto akishika kichwa na kusema "kitwa", mwalimu anasimamisha wimbo na darasa zima linacheka. Mtoto yule amejifunza nini asubuhi hiyo? Amejifunza kwamba mama yake hajui kusema. Imba naye "kitwa" leo, imba "kichwa" kesho, mwambie nyumbani tunasema hivi na kitabuni wanaandika hivi. Mtoto wa miaka 4 anaweza kubeba yote mawili bila taabu. Sisi wakubwa ndio tunaotatizika.

Sasa nije kwa kimya, maana hili ndilo linalowapotosha walimu wapya kuliko lolote.

Mtoto anayeingia darasa lenye lugha asiyoizoea mara nyingi hunyamaza. Anaweza kunyamaza wiki kadhaa, anaweza kunyamaza miezi. Anatazama, anafuata wenzake, anaonyesha kwa kidole. Hilo linajulikana kwa watoto wanaojifunza lugha ya pili kila mahali duniani. Ndani ya kimya hicho anakusanya. Ukimlazimisha ajibu mbele ya darasa, anajifungia zaidi. Ukimwandika "mzito" kwenye rekodi ya maendeleo, umempa jina litakalomtangulia PP2, na huko mwalimu mwingine atamtazama kupitia neno lako. Nakusihini msiandike neno hilo. Kabla ya kusema mtoto hajui, tafuta mtu wa lugha yake, iwe mpishi wa uji, mzazi au mtoto mkubwa wa darasa la nne, amuulize jambo lile lile kwa lugha ya kwao. Kama bado hajibu, na nyumbani vilevile haongei, hapo peleka mtoto akapimwe masikio na maendeleo yake. Usichelewe hata kidogo, lakini uwe umesikiliza kwanza.

Na lile la kibao, naomba likome. Baadhi yenu mlivalishwa shingoni, kile kipande cha mbao au mfupa cha anayekamatwa akisema lugha ya kwao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya kimwili na mateso ya nafsi kwa mwanafunzi. Kumtundika mtoto aibu shingoni kwa sababu ya lugha ya mama yake, mimi nayaita mateso ya nafsi.

Mzazi atakuja akwambie, "Mwalimu, mimi nalipa karo mwanangu aongee Kizungu." Msimdharau. Ana hofu ya haki. Ameona nani anaajiriwa hotelini na nani anabaki kubeba kuni. Mwambie kwamba mtoto mwenye maneno mengi kwa lugha moja huwa na pa kuyatundika maneno ya lugha nyingine. Msomi wa Kanada, Jim Cummins, alilieleza hilo mwishoni mwa miaka ya 1970: anachokijua mtoto kwa lugha ya kwanza husafiri naye kwenda kwenye ya pili. Anayejua kwamba simbi tano ukiongeza mbili ni saba hahitaji kujifunza upya hesabu hiyo kwa Kiingereza. Anahitaji majina ya namba tu. Mwalike mzazi huyo aje darasani aone. Nimewaona wengi wakibadilika baada ya kukaa saa moja kwenye jamvi.

Je, sikio hufunzwaje? Nitawapa njia mbili ninazoziamini.

Kila siku chagua mtoto mmoja. Dakika kumi wakati wa mchezo, kaa karibu naye na daftari, andika alichosema kama alivyokisema, usikisafishe. Akisema "ndoo", andika "ndoo". Akichanganya Kigiriama na Kiswahili katika sentensi moja, andika sentensi yote. Ukiwa na watoto 40, baada ya wiki nane za masomo umemsikiliza kila mmoja mara moja, na nawahakikishia wapo ambao hiyo ndiyo itakuwa mara ya kwanza kwa mtu mzima wa shule kuwasikiliza dakika kumi mfululizo.

Njia ya pili ni hadithi ya mtoto mwenyewe. Kule Chicago alikuwapo mwalimu wa chekechea, Vivian Paley, aliyefundisha miaka mingi katika shule za majaribio za chuo kikuu cha mji huo, na aliyefariki 2019. Mtoto alimsimulia hadithi, yeye akaiandika neno kwa neno, baadaye darasa likakaa duara na watoto wakaiigiza, msimulizi mwenyewe akichagua atakuwa nani. Alikuwa na kinasa sauti darasani, akijisikiliza jioni makosa yake. Paley alikuwa mweupe na baadhi ya watoto wake walikuwa weusi, na alikiri waziwazi kwamba mwanzoni alidhani wema ni kujifanya haoni tofauti. Nalitaja hilo kwa sababu nasikia kila mwaka mwalimu mpya akisema, "Mimi watoto wangu wote ni sawa." Ni nia njema. Lakini mtoto mwenyewe anajua kwao wanakula nini na wanasali vipi, na akiona hulitaji kamwe, ataona ni jambo la kufichwa.

Sisi tuna mlango wa hadithi uliokwisha kufunguliwa. Sema "Paukwa!" uone nani hataitikia "Pakawa!" Mpe mtoto nafasi aseme yeye "Paukwa", asimulie kwa lugha yoyote, atafsiriwe na mwenzake. Katika darasa langu la mwisho kabla ya kustaafu, mtoto aliyekuwa kimya tangu Januari alisimulia Mei, kwa Kigiriama, habari ya mbuzi aliyepanda tuktuk. Wenzake waliiigiza siku nne mfululizo, wakamkimbilia yeye kuuliza mbuzi alisema nini. Kufikia Julai alikuwa akinisahihisha mimi.

Tusiwasahau maalim wa chuo cha Kurani, maana watoto wengi wa hapa wamepitia kwake kabla ya kupitia kwako. Wazee wa Kiislamu wa pwani walipotaka watoto wao wapate msingi wa shule bila kupoteza dini, ndipo ukazaliwa Mombasa, mwaka 1986, mpango wa shule za awali za madrasa chini ya wakfu wa Aga Khan. Bi Swafiya Said aliwafunza kina mama wa mitaani, wengi wao bila vyeti vikubwa, wakawa walimu. Vifaa vyao vilikuwa vifuu, makuti, mbegu, vizibo, vitambaa vya leso. Mpango ukaenda Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Mafunzo yao yalifanyika darasani, mkufunzi akirudi tena na tena kumtazama mwalimu na kuzungumza naye. Hivyo ndivyo ningependa mfunzwe ninyi.

Kuhusu ajira sitasema mengi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti elimu ya shule za awali. Tume ya Huduma za Walimu inawasajili, mwajiri ni kaunti, na wengine mtalipwa na wazazi. Mshahara ni mdogo kuliko kazi. Udaini, na msimtoze mtoto deni hilo.

Limebaki jina. Kwa Wagiriama majina hurithiwa kwa mpangilio wa ukoo, kwa hivyo unaweza kuwa na kina Kazungu watatu na kina Kadzo wawili, na kila mmoja amepewa jina la mzee wake. Msiwaite Kazungu A na Kazungu B. Ongeza jina la baba, kama wanavyofanya kwao. Na kuna mtoto ambaye cheti chake kinasema Emmanuel, na nyumbani hakuna aliyewahi kumwita Emmanuel, ni Katana. Unamwita mara tatu hageuki, unaanza kudhani masikio yana kasoro. Siku ya kwanza, muulize aliyemleta: nyumbani mnamwitaje? Mwache alitamke, ulirudie mbele yake mpaka mama aseme, eeh, ndivyo.

Sasa weka kalamu chini. Geuka kwa mwenzako usiyemjua. Mwambie jina unaloitwa nyumbani, nani alikupa, na lina habari gani. Mwenzako alitamke mpaka umwambie amepata, kisha mbadilishane. Mna dakika kumi. Nitapita kati yenu kusikiliza.