Kiwanda cha Pohang na deni lisilokwisha

Mwenyekiti, asante. Waandaaji walinipa mada pana, uhusiano wa kidiplomasia katika Asia Mashariki, na nikitaka kuimaliza yote tutakesha hapa na wengine mna daladala ya mwisho ya kuwahi. Kwa hiyo nitawapeleka mahali pamoja tu: Pohang, mji wa pwani ya mashariki ya Korea Kusini, kwenye kiwanda cha chuma. Ukikijua kiwanda hicho kilivyozaliwa, umeuelewa ugomvi wa Korea na Japani, na umeelewa pia kwa nini majirani hawa hawawezi kuachana.

Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi Agosti 1945. Baada ya hapo nchi hizi zilikaa miaka 20 bila uhusiano wa kibalozi. Mazungumzo yalianza 1951, Marekani ikiyasukuma kwa nyuma. Miaka hiyo Marekani ilifunga mkataba wa ulinzi na kila mmoja wao, lakini wao kwa wao hawakuwa na kitu. Hadi leo hawana mkataba wa kulindana. Mnawasikia wakiitwa washirika, lakini kila mmoja ni mshirika wa Washington, si wa mwenzake.

Juni 22, 1965 wakatia saini. Japani iliahidi dola milioni 300 zisizorudishwa, tena kwa njia ya bidhaa na huduma kwa miaka 10, pamoja na mkopo nafuu wa dola milioni 200. Korea nayo ikakubali kwamba madai yote, ya serikali na ya raia wake, yamemalizwa kabisa. Japani ikaziandika fedha zile kama ushirikiano wa kiuchumi, si fidia.

Rais wa Korea Kusini wakati huo alikuwa Park Chung-hee, mwanajeshi aliyewahi kuwa luteni katika jeshi la Manchukuo, dola kibaraka ya Wajapani. Alijua wananchi hawautaki mkataba. Mwaka mmoja kabla, wanafunzi walipojaa barabarani mjini Seoul, aliweka jiji chini ya utawala wa kijeshi. Yeye alitaka mtaji, na alitaka chuma. Wakopeshaji wa Magharibi walikuwa wamekataa: nchi maskini kama hii, kiwanda kikubwa cha chuma cha nini? Mwaka 1969 ikaamuliwa zitumike fedha za Wajapani, na karibu dola milioni 120 zikaingia Pohang. Aliyekisimamia kiwanda, Park Tae-joon, aliwaambia wafanyakazi kwamba fedha hizi ni damu ya wazee wetu. Tukishindwa, akasema, tugeuke kulia twende tukajitose baharini. Ghuba ya Yeongil iko pale pale, hatua chache. Chuma kilianza kutoka 1973. Hiyo ndiyo POSCO ya leo, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa chuma duniani.

Sasa, utaalamu ulitoka wapi? Ulitoka kwa kampuni za Kijapani, zikiwemo Yawata na Fuji. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Yawata na Fuji zilizaliwa 1950, ilipovunjwa kampuni moja kubwa ya chuma ya wakati wa vita, Nihon Seitetsu. Kampuni hiyo mwaka 1943 ilitangaza mjini Pyongyang kwamba vijana watakaokwenda Osaka watafundishwa ufundi kwa miaka miwili, kisha watarudi kuajiriwa kama mafundi. Wakaenda. Walichokuta ni kupakia makaa kwenye tanuru na kusafisha mabomba kwa ndani. Mishahara iliwekwa benki bila ridhaa yao, kitabu cha akiba na muhuri wa kutolea fedha vikakaa kwa msimamizi wa bweni. Aliyesema anataka kutoroka alipigwa. Hayo yameandikwa katika hukumu ya mahakama.

Mwaka 1970 Yawata na Fuji zikaungana tena, zikawa Nippon Steel. Yaani warithi wa kampuni iliyowafanyisha kazi vijana wale ndio waliosaidia kukijenga kiwanda, kwa fedha zilizotolewa ili madai ya vijana wale wale yafungwe.

Na wao walipata nini? Kati ya 1975 na 1977 serikali ya Korea ililipa familia za watu 8,552 waliofariki baada ya kuchukuliwa na Wajapani, wani 300,000 (fedha ya Korea) kwa kila marehemu. Waliorudi hai hawakupata hata senti. Nyaraka zilipofunguliwa 2005, ilionekana kwamba kwenye meza ya mazungumzo Seoul yenyewe ilidai fedha kwa niaba yao, na ikasema itawagawia yenyewe. Mimi lawama nazigawa hivi: Park alikula haki ya watu wake akajengea nchi, na Seoul hawapendi kuambiwa hilo. Lakini Tokyo nayo ilijua inaandikiana na nani, na ilifurahia.

Wawili kati ya vijana wale, sasa wazee, walifungua kesi Osaka mwaka 1997. Wakashindwa hadi mahakama ya juu kabisa ya Japani. Wakaenda Seoul. Oktoba 30, 2018 Mahakama ya Juu ya Korea ikaiamuru Nippon Steel imlipe kila mdai wani milioni 100. Wadai walikuwa wanne. Siku ya hukumu aliyekuwa hai ni mmoja, mzee wa miaka 94.

Kampuni haikulipa. Japani ikasema mkataba wa 1965 umevunjwa. Julai 2019 ikaweka vizuizi kwa kemikali tatu ambazo bila hizo kampuni za Kikorea, Samsung na SK Hynix, hazitengenezi chipu wala vioo vya simu. Ikasema ni suala la usalama wa taifa, si kulipiza kisasi. Sijui ni nani aliyeamini. Wakorea wakagomea bia ya Kijapani, nguo za Uniqlo na safari za Osaka. Seoul ikatangaza kwamba inajitoa kwenye mkataba wa kubadilishana taarifa za siri za kijeshi, ule unaowawezesha kuambiana kombora la Korea Kaskazini linaelekea wapi. Marekani ikakimbia huku na huko. Saa chache kabla mkataba haujafa, Novemba 22, 2019, Seoul ikasitisha uamuzi wake.

Miaka mitatu na ushee baadaye, Rais Yoon Suk-yeol akaja na njia yake. Machi 2023 serikali yake ilitangaza kwamba wazee watalipwa na mfuko wa Kikorea, utakaochangiwa na kampuni za Kikorea zilizofaidika na fedha za 1965. Ya kwanza kuchangia? POSCO, wani bilioni 4. Siku kumi baada ya tangazo Yoon alikuwa Tokyo, na baada ya chakula rasmi Waziri Mkuu Kishida akampeleka kwenye mkahawa wa zamani wa Ginza, Rengatei, wakala wali uliofunikwa kwa mayai. Vizuizi vya kemikali vikaondolewa. Agosti 18, 2023 wote wawili walikuwa Camp David, makao ya mapumziko ya marais wa Marekani, na Rais Biden, wakaahidi kushauriana pale tishio linapotokea.

Baadhi ya wazee walizikataa fedha hizo. Walitaka zitoke kwa aliyewafanyisha kazi.

Yoon mwenyewe mnajua yaliyomkuta: alitangaza utawala wa kijeshi Desemba 2024, akaondolewa Aprili 2025. Wengi tulidhani urafiki na Japani utaondoka naye, kwa sababu mrithi wake, Lee Jae-myung, aliuita mpango ule fedheha. Lakini Agosti 2025 Lee alipitia Tokyo kwanza kabla ya kwenda Washington. Ushuru wa Trump ulikuwa unawachoma wote wawili. Haja ndiyo inayowakutanisha viongozi hawa, na haja ikibadilika, kesi za wazee zinabaki pale pale mahakamani.

Ndugu mmoja kule nyuma ameuliza kwa nini Nippon Steel isilipe tu, maana kwa kampuni ile wani milioni 100 ni fedha ya chai. Ni kweli. Lakini nyuma ya wale wanne kuna wadai wengi dhidi ya kampuni nyingine nyingi, na nyuma ya Korea kuna China, ambayo mwaka 1972 iliachia madai yake ya vita kwa taarifa ya pamoja. Tokyo inaogopa jiwe moja likitoka, ukuta wote unafuata. Februari 2024 mdai mmoja alifanikiwa kuchukua wani milioni 60 ambazo Hitachi Zosen ilikuwa imeziweka dhamana mahakamani Seoul. Ndiyo mara ya kwanza fedha ya kampuni ya Kijapani kumfikia mdai katika kesi hizi. Tokyo ikamwita balozi wa Korea siku iliyofuata kulalamika, wakati ule ule uhusiano wa serikali hizi mbili ukisifiwa kuwa mzuri kuliko kwa miaka mingi.