Ovari Zimebaki, Joto Linatoka Wapi?

MTANGAZAJI: Karibuni, wasikilizaji. Nilitolewa kizazi nikiwa na miaka 43 kwa sababu ya faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio saratani, na siku ya kuruhusiwa niliambiwa nisiwaze habari za kukoma hedhi kwa kuwa ovari zangu zote mbili, yaani vifuko vya mayai, zimeachwa. Miezi minane baadaye nikaanza kuamka usiku wa manane, kanga imelowa na moyo unakwenda mbio. Nilipimwa malaria mara tatu, na mara ya tatu nikapewa dawa ingawa vimelea havikuonekana. Daktari, ovari zipo. Joto linatoka wapi?

DAKTARI: Pole sana, dada. Ulipewa nusu ya maelezo. Kila ovari hupata damu kwa njia mbili: mshipa mmoja hutoka kwenye mshipa mkuu wa tumboni, na tawi jingine hupanda kutoka kwenye mshipa wa kizazi. Kizazi hakitolewi bila kuufunga na kuukata mshipa wake, kwa hiyo ovari hubaki ikitegemea zaidi njia moja. Ovari za wanawake wengi hustahimili, lakini za wengine huchoka kabla ya wakati, na homoni ya estrojeni inapopungua, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili huanza kutoa jasho pasipo sababu. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2005 uliwafuatilia wanawake kwa miaka mitano na kukadiria kuwa waliotolewa kizazi, wakabakiwa na ovari moja au zote mbili, walifikia ukomo wa hedhi miaka 3.7 mapema kuliko wenzao. Kama chanzo ni upasuaji wenyewe au ugonjwa uliosababisha upasuaji, wataalamu bado wanajadiliana.

MTANGAZAJI: Na mimi sina tena hedhi ya kunijulisha nimefika wapi.

DAKTARI: Hapo ndipo penye ugumu wote. Ukomo hutambuliwa kwa kukosa hedhi miezi 12 mfululizo, na kalenda hiyo wewe umeondolewa. Jiulize kama matiti bado hujaa na kuuma kila baada ya wiki nne hivi, maana hiyo ni dalili kwamba ovari bado zina mzunguko wake. Kipimo cha damu cha FSH, homoni ya ubongo inayochochea ovari, husaidia, ila kiwango chake hupanda na kushuka, hivyo jibu moja halitoshi kukata shauri.

MTANGAZAJI: Shangazi zangu wanasema nivumilie. Isitoshe, Dar es Salaam mwezi Februari nani hatoki jasho?

DAKTARI: Jasho la Februari halikuamshi saa tisa usiku feni ikizunguka! Joto hili hupanda kifuani, shingoni na usoni, hudumu dakika chache, kisha huacha kijibaridi. Tumia kipimajoto wakati huohuo. Ukikuta homa ya kweli, au ukiwa unakohoa na kukonda, tutafute kifua kikuu, malaria na maambukizi mengine kabla ya kuzilaumu ovari. Tezi ya shingoni nayo ipimwe.

MTANGAZAJI: Na tiba? Wengi wetu tunaogopa homoni.

DAKTARI: Kwa asiye na kizazi, kwa kawaida estrojeni peke yake hutosha, kwa sababu projestojeni, homoni ya pili, huongezwa hasa ili kulinda utando wa ndani wa kizazi. Aliyewahi kuugua endometriosisi, yaani tishu kama za utando huo kuota nje ya kizazi, huenda akahitaji zote mbili. Aliyewahi kupata saratani ya matiti kwa kawaida hapewi homoni hizi. Zipo dawa nyingine, kama venlafaksini na gabapentini, zinazopunguza joto. Ukavu wa uke, ambao wengi huona haya kuutaja, hutibiwa kwa krimu ya estrojeni inayopakwa mahali penyewe.

MTANGAZAJI: Nina miadi Alhamisi, na safari hii nakwenda na daftari.

DAKTARI: Andika saa, muda joto lilivyodumu na namba ya kipimajoto. Na cheti cha upasuaji usikisahau, kwa sababu kuna wanaoamini ovari zao zimeachwa, kumbe cheti kinasema moja ilitolewa.