Mchele Mmoja, Sura Tano: Jinsi ya Kuipa Biashara Ndogo Mwonekano Mmoja

Habari zenu, karibuni tena. Leo niko Uyole, Mbeya, na meza hii mnayoiona ni ya mama mmoja anayefungasha mchele. Amekubali tuonyeshe vitu vyake, ila jina la biashara nimeliziba kwa karatasi, msishangae.

Tusogee karibu. Kifuko cha kilo moja ni kijani, kijani cha jani la mgomba. Stika ya kilo tano nayo ni kijani, lakini kijani kingine kabisa, kinaelekea bluu. Kadi yake nyekundu. Bango la dukani, picha yake hii hapa, ni la njano, na herufi zimewekewa kivuli. Picha ya WhatsApp ni ua la waridi. Mchele ni ule ule, mwenye mchele ni yule yule, lakini aliyenunua kifuko Jumatatu akilipita bango Ijumaa hana habari kwamba ni kwa mama yule yule.

Na wewe anza hivyo hivyo. Mwaga mezani kila kitu chenye jina la biashara yako: stika, risiti, muhuri, fulana, hata ile status ya jana. Piga picha moja ya vyote. Usitetee kitu, tazama tu.

Ya pili ni fupi. Andika sentensi moja inayosema nani ananunua na unataka akukumbuke kwa lipi. Mama ameandika: "Mama wa nyumbani anayetaka mchele usio na mawe." Imetosha. Ukiandika ukurasa mzima hutausoma tena.

Ya tatu, toka nje. Sisi tumekwenda soko la Mwanjelwa, tukasimama hatua tano kutoka kwenye rafu za mchele. Mnaona nini? Kijani, kijani, kijani, na suke la mpunga kwenye kila mfuko. Na karibu kila mfuko umeandikwa Kyela. Hapa nichomekee kidogo: kama mpunga wako umetoka bonde la Usangu, kule Mbarali, andika Mbarali. Ni mchele mzuri, hauna haja ya kuazima jina la jirani, na mteja akigundua hakuamini tena hata kwenye mizani.

Sasa rangi, na hapa tukae maana ndipo hela za watu zinapopotelea.

Chagua rangi kuu moja na ya kusindikiza moja. Nyeusi na nyeupe ni za bure, zitumie kwa maandishi. Kwa kuwa rafu imejaa kijani, sisi tumechukua wekundu wa udongo, ule wa matofali ya kuchoma, na ya kusindikiza ni rangi ya ungo, maziwa yaliyochanganyika na njano kidogo. Usiishie kusema "nyekundu ya udongo", kwa sababu kila fundi ana udongo wake kichwani. Kila rangi kwenye kompyuta au simu ina namba yake ya alama sita, herufi na tarakimu zikichanganyika. Yetu ni 8C3B1E, na ya ungo ni F6E9CF. Ziandike.

Lakini namba hiyo ni ya skrini. Skrini inatengeneza rangi kwa kuchanganya mwanga: mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna rangi zinazowaka kwenye simu ambazo wino hauwezi kuzifikia. Mimi niliwahi kuchapisha stika 500 za asali, rangi ya chungwa inayong'aa kama fulana ya bodaboda. Zilipotoka zilikuwa kama chungwa lililokaa juani wiki nzima. Nikamgombeza kijana wa mashine, kumbe kosa langu, sikuomba sampuli. Kwa hiyo omba nakala moja kwanza, itoe nje ya duka uitazame kwenye mwanga wa jua, siyo chini ya taa ya dukani. Ukiridhika, mwambie fundi akuandikie vipimo vya wino alivyotumia, na uviweke pamoja na ile namba yako.

Jambo jingine, tazama mkono wangu. Hiki ni kifuko kinachoonyesha ndani, na wateja wa mchele wanakipenda kwa sababu wanataka kuziona punje. Nembo nyeupe tuliichapa hapa, tukajaza mchele. Iko wapi? Imemezwa. Nyeupe juu ya nyeupe. Kwa kifuko cha namna hii, sehemu ya jina lazima iwe ya rangi nzito. Na bango vivyo hivyo: Juni asubuhi ukungu ukishuka hapa, njano juu ya nyeupe haionekani hata ukiwa kwenye bajaji iliyosimama.

Herufi. Aina mbili zinatosha, moja ya jina, nyingine ya maelezo. Kiswahili kina maneno marefu. Jaribu kuandika "Kimefungashwa" kwenye stika ndogo kwa herufi pana uone linavyogonga ukingo. Tafuta herufi nyembamba kiasi. Jaribu pia "ng'", maana baadhi ya herufi za mapambo hazina kile kialama, zinaacha kisanduku kitupu. Zile herufi za kujikunjakunja kama kadi ya harusi ziachie harusi.

Nembo nimeiacha mwisho makusudi, ingawa kila anayenipigia simu huanza nayo. Ya mama ni ungo: duara moja na punje tatu. Tumeichora kwa kalamu kwanza. Ipime mara tatu. Iweke kwenye duara la picha ya WhatsApp, imekatwa? Ipunguze hadi ukubwa wa sarafu, inasomeka? Ichape kwa rangi moja kama muhuri, bado ni ungo? Ikifaulu, mwambie aliyekuchorea akupe faili la vekta, lile linalokuzwa hadi bango bila kuchuja, na jingine la PNG lisilo na mandharinyuma. Mkitumiana kwa WhatsApp, litumeni kama hati, siyo kama picha, maana picha inabanwa na kupoteza ubora.

Sasa vyote hivi viingie kwenye karatasi moja: nembo, namba za rangi, majina ya herufi, na mfano wa stika iliyokaa sawa. Moja ibaki kwenye simu yako, nyingine mwachie fundi wa stika aibandike ukutani kwake. Siku akikwambia "dada, hii rangi imeisha, niweke inayofanana?", jibu ni hapana, utasubiri.

Na sheria kidogo. Kusajili jina la biashara BRELA, ule wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakukupi umiliki wa nembo. Nembo inasajiliwa hapo hapo BRELA, lakini kama alama ya biashara, ni maombi tofauti. Kinga ya kwanza ni miaka 7, ukihuisha unapata 10.

Vifuko vya kijani vimebaki mia mbili na kidogo, na mama ananiuliza avichome. Hapana mama, viuze. Tutabandika stika mpya juu ya jina la zamani hadi viishe. Kadi zikiisha tunachapa mpya, bango lisubiri mavuno. Picha ya WhatsApp haina gharama, hiyo tunaibadilisha sasa hivi. Naomba simu, mama.